Mwongozo wa Kifaa cha Setilaiti kwa Asiyetaka Kupotelea Blue Mountains

Ndugu msomaji unayeishi Sydney, iwe Blacktown, Parramatta au Auburn, mwongozo huu ni wako. Umefika mjini, umepata kazi, umenunua viatu vya kupandia milima ambavyo bei yake hutathubutu kumtajia baba, na sasa wenzako kazini wamekualika kwenda porini wikiendi. Usikatae, nenda. Treni kutoka stesheni ya Central hukufikisha Katoomba kwa saa mbili hivi. Utakuta hewa baridi, magenge marefu ya mawe ya mchanga na misitu ya mikaratusi hadi upeo wa macho. UNESCO iliiweka milima ile kwenye orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2000, na ilistahili.

Ila kuna jambo la kujua kabla hujafunga kamba za viatu. Ukishuka ngazi za Echo Point kwenda bondeni, mtandao wa simu huanza kusuasua, na ukisonga mbele kuelekea Mount Solitary, au ukiingia bonde la Grose, simu inanyamaza kabisa. Hapo uko umbali wa kilomita mia moja hivi kutoka Opera House. Kilimanjaro nako, TTCL ilifikisha intaneti hadi vibanda vya Horombo, mita 3,720 juu ya usawa wa bahari, mwezi Agosti 2022. Kwa hiyo Mchagga aliyeko Horombo anaweza kumpigia binamu yake simu ya video, na asipopatikana, mwenye tatizo ni binamu aliyeko bondeni Katoomba.

Tena Kilimanjaro hupandi peke yako. Taratibu za hifadhi zinakutaka uwe na mwongoza wageni, na nyuma yake wako wapagazi na mpishi, watu wanaojua idadi yenu asubuhi na jioni. Katika njia nyingi za Blue Mountains hakuna lango wala mpagazi. Hakuna anayekuhesabu unapoingia, kwa hiyo hakuna atakayejua kwamba hukutoka. Kazi ile ya watu wengi inabaki mikononi mwa wawili: mtu mmoja uliyemwacha mjini, na kifaa kimoja ulichobeba begani. Wengi wetu hutumia wiki tatu kuchagua kifaa na dakika moja kuchagua mtu. Mwongozo huu unakuomba ugeuze mpangilio huo.

Kanuni ya 1: Chagua mtu kabla hujaingia dukani

Kifaa cha setilaiti kazi yake ni kupeleka habari. Habari ikimfikia asiyejua la kufanya, umetupa pesa zako angani. Basi tuwapitie wagombea mmoja mmoja.

Mgombea wa kwanza ni Mama, aliyeko Mwanza au Mombasa. Mama anakupenda kuliko mtu yeyote duniani, na ndiyo sababu hafai kwa kazi hii. Umwandikie, "Nimefika kambini, nalala," yeye ataanza kuuliza kambi gani hiyo, kwani umefukuzwa nyumba? Ishara ya dharura ikimfikia, atawapigia shangazi wote, mjomba wa Dodoma na mchungaji kabla hajafikiria polisi wa New South Wales, ambao namba yao hana. Isitoshe, Sydney iko mbele ya Afrika Mashariki kwa saa saba, na kati ya Oktoba na Aprili kwa saa nane. Ukiteguka mguu alfajiri, kwa Mama ni usiku na amelala. Mtumie picha ukirudi, zitamfurahisha.

Mgombea wa pili ni kundi la WhatsApp la jumuiya. Lina wanachama wengi, wote wana huruma, na wote wataandika "pole sana" na "Mungu amtangulie" ndani ya dakika tano. Kila mmoja ataamini kuwa mwenzake ameshapiga simu polisi. Huku nyuma giza linaingia.

Mgombea wa tatu ni yule kaka mjuaji. Kila jumuiya inaye. Akipata habari kwamba umekwama atasema, "Msiwasumbue polisi, nakwenda mwenyewe," atachukua tochi ya simu na chupa moja ya soda, na kesho yake mtatafutwa wawili.

Anayefaa ni mtu anayeishi New South Wales, anayepokea simu, anayeweza kueleza jambo kwa utulivu, na asiyeogopa kupiga polisi. Anaweza kuwa jirani, mfanyakazi mwenzako au shemeji mwenye msimamo. Mwachie kwa maandishi: njia mtakayopita, mnapoanzia na mnapotokea, mko wangapi, namba ya gari na mahali mtakapoliegesha, na saa ya mwisho ya kungoja. Kisha mwambie waziwazi: "Saa hiyo ikipita sijakupigia, piga polisi. Usinionee haya." Jaza pia fomu ya safari ya idara ya hifadhi za taifa, NPWS, inayopatikana kwenye mtandao.

Na saa hiyo ya mwisho iandike kwa mtindo wa saa 24. Ukimwambia mwenyeji wa hapa kwamba utatoka saa kumi, ukikusudia alasiri, yeye atakungoja hadi saa nne usiku ndipo aanze kuwa na wasiwasi. Umempotezea saa sita za kukutafuta. Andika 16:00, muelewane.

Kanuni ya 2: Usiipe simu yako kazi isiyoiweza

Simu ni chombo kizuri na utaibeba. Weka ndani yake programu ya bure iitwayo Emergency+, inayokuonyesha mahali ulipo kwa namba za latitudo na longitudo, uzisome unapopiga namba ya dharura, 000. Lakini simu inahitaji mnara, na korongo halina mnara.

Hata ukibahatika kupata mtandao, kupiga simu peke yake hakutoshi kama huwezi kueleza ulipo. Mwezi Desemba 2006 mwanafunzi wa miaka 17 kutoka Sydney alikwenda na wenzake wawili kutembea upande wa Mount Solitary. Maji yakawaishia kwenye joto. Kijana alitengana na wenzake, akapiga 000 mara kadhaa, na waliopokea simu wakawa wanamdai jina la barabara. Porini hakuna barabara. Mwili wake ulipatikana siku kadhaa baadaye. Uchunguzi wa kisheria wa kifo chake, uliokamilika mwaka 2009, ulikosoa vikali jinsi simu zile zilivyopokelewa. Kila ninaposikia mtu akisema "simu ninayo, nitapiga tu," nawaza habari za kijana huyu. Siku hizi simu nyingi za kisasa huipa huduma ya 000 mahali ulipo zenyewe, lakini sharti kwanza zipate mtandao.

Kuna pia jambo linalowahusu hasa waliokuja na simu zao kutoka Kariakoo au Luthuli Avenue. Telstra na Optus zilianza kuzima mitandao yao ya 3G tarehe 28 Oktoba 2024. Simu ambazo haziwezi kupiga 000 kupitia 4G zinatakiwa kufungiwa. Simu inaweza kuwa na kamera nne na intaneti ya kasi na bado isiweze kupiga namba ya dharura ya Australia. Muulize mtoa huduma wako kuhusu modeli yako kamili, leo, ukiwa umekaa sebuleni.

Vipi zile simu zenye setilaiti ndani? Ni neema, na ukiwa nayo jifunze kuitumia. iPhone 14 na zilizofuata zinaweza kutuma maandishi ya dharura kwa setilaiti nchini Australia tangu Mei 2023. Unauelekeza mkono mbinguni kama simu inavyokuonyesha, unajibu maswali mafupi, na ujumbe unafikishwa kwa waokoaji. Telstra nayo ilianzisha ujumbe mfupi kwa setilaiti za Starlink mwezi Juni 2025, kwa aina fulani za simu. Huduma hiyo inakuwezesha kumwandikia rafiki, lakini 000 haipokei ujumbe mfupi. Turudi basi kwenye kanuni ya kwanza: rafiki huyo ni nani, na anajua la kufanya? Tena simu hiyohiyo ndiyo ramani yako, kamera yako na tochi yako. Kufikia jioni ina chaji asilimia tisa, au imepasuka pamoja na aliyeangukia juu yake.

Kanuni ya 3: Wajue wanaukoo wa vifaa

Dukani utakuta vifaa vingi vya rangi ya machungwa na njano, na kijana mchangamfu atakueleza vyote kwa pumzi moja. Mwambie apumzike. Ukoo una matawi matatu tu.

Tawi la kwanza ni PLB, kitoa ishara cha dharura cha mtu binafsi. PLB ya kawaida haijui kupiga soga. Ina kazi moja: unainua antena, unabonyeza, na inatoa ishara kwenye masafa ya 406 MHz. Ni kama kubip: upande wa pili unajua nani amebip na yuko wapi, lakini hamzungumzi. Ishara inanaswa na setilaiti za mfumo wa Cospas-Sarsat, ulioanzishwa kwa ushirikiano wa Marekani, Kanada, Ufaransa na Umoja wa Kisovieti, na uliookoa watu wake wa kwanza mwaka 1982, wakati mataifa hayo hayakuwa yakielewana kwa mengi mengine. Nchini Australia, ishara hupokelewa na kituo cha uokoaji cha AMSA, mamlaka ya usalama wa baharini iliyoko Canberra. PLB yenye GPS huwapa waokoaji eneo la mduara wa mita 120 hivi. Isiyo na GPS huwaachia kutafuta ndani ya kilomita tano. Katika misitu ile, tofauti hiyo ni kubwa mno, kwa hiyo nunua yenye GPS. Betri yake hukaa miaka mingi bila kuchajiwa, na ikiwashwa hutoa ishara kwa muda usiopungua saa 24.

Tawi la pili ni vifaa vya ujumbe wa pande mbili, kama Garmin inReach na ZOLEO. Hivi hutuma na kupokea maandishi, huonyesha mahali ulipo, na vina kitufe cha SOS. inReach Mini 2 ina uzito wa gramu 100, haizidi machungwa mawili madogo. Ukibonyeza SOS yake, ujumbe hupokelewa na kituo cha kampuni kilichoko Texas, Marekani, nacho huwasiliana na waokoaji wa huku. Faida yake kubwa ni mazungumzo. Unaweza kusema ni mfupa au ni moyo, mna maji au hamna, na wao wanakujibu, "Tumekuona, kaeni hapo." Jibu hilo linampa mtu nguvu ya kungoja. Pia unaweza kumwambia mtu wako wa mjini kwamba mmechelewa lakini mko salama, ili asiwaamshe polisi bure. Udhaifu wa vifaa hivi ni kwamba vinahitaji chaji na vinahitaji bando.

Tawi la tatu ni simu ya setilaiti, na hapa nina neno kwa wenzangu wa Goma, Muscat na Dubai ambao wamezoea kusikia Thuraya. Msiende nayo Blue Mountains. Setilaiti ya Thuraya-3 iliyokuwa ikihudumia Australia iliharibika Aprili 2024, na huduma huku ikakatika. Simu ya Iridium inafanya kazi, lakini ni ghali na nzito kwa mtembeaji wa siku mbili.

Kanuni ya 4: Iangalie mbingu, maana ndiyo mnara wako

Wauzaji hupenda kusema kifaa kinafanya kazi "popote duniani". Ni kweli, mradi unaiona mbingu. Ishara hizi hazipenyi mwamba, na majani mazito yaliyolowa mvua huzidhoofisha.

Mtandao wa Iridium, unaotumiwa na inReach na ZOLEO, una setilaiti 66 zinazoizunguka dunia kwa urefu wa kilomita 780 hivi, kutoka ncha hadi ncha. Kwa kuwa zinakimbia, hata ukiwa kwenye ufa wa korongo ipo itakayopita juu yako, na ujumbe utaondoka baada ya kungoja. Setilaiti hizo hupeana ujumbe zenyewe kwa zenyewe huko juu, hivyo hazitegemei kuwa na kituo cha ardhini karibu nawe. Globalstar, unaotumiwa na vifaa vya SPOT na ile huduma ya iPhone, una setilaiti zilizo juu zaidi, kilomita 1,400 hivi, na kwa huduma hizi setilaiti inatakiwa ikuone wewe na ikione kituo cha ardhini kwa wakati mmoja. Zile za Thuraya na wenzake zimetulia juu ya ikweta, karibu kilomita 36,000. Aliyeko Nairobi anaweza kuwa nazo karibu na utosi. Sydney iko nyuzi 34 kusini, kwa hiyo hapa zinainamia kaskazini, na genge likiwa upande wa kaskazini limeshaziba mlango.

Usibonyeze kisha ukakitia kifaa mfukoni. Kiweke mahali pa wazi, antena ikitazama juu, na usikifunike kwa mkono wala kwa mwili. Ukiweza kusogea salama hadi kwenye jabali lililo wazi, sogea. Ukiwa umeumia, kaa ulipo na uwe na subira. Kwenye korongo jembamba ujumbe unaweza kuchukua dakika kumi au zaidi kuondoka, na kuzima na kuwasha kila baada ya dakika mbili kunakurudisha mwanzo.

Kanuni ya 5: Hesabu bando, si bei ya dukani peke yake

Barabara ya Kent, karibu na stesheni ya Town Hall, ndiyo mtaa wa maduka ya wapanda milima. Paddy Pallin, moja ya majina makubwa pale, lilianza mwaka 1930, Mwingereza mhamiaji alipofukuzwa kazi na kuanza kushona mabegi nyumbani kwake. Mhamiaji mwenzako huyo, kwa hiyo usiogope kuingia na kuuliza maswali mengi.

PLB huuzwa kwa dola mia tatu au nne hivi za Australia, na baada ya hapo hulipi bando lolote. GME, kampuni ya hapahapa Sydney, ni mojawapo ya watengenezaji wake. Kuisajili AMSA ni bure na ni lazima, na usajili ndio unaobeba majina na namba za watu wako wa dharura. Ukihama nyumba au ukibadili namba, badilisha na huko. Kifaa cha ujumbe bei yake haiko mbali sana na hiyo, lakini bando lake hulipwa mwezi hadi mwezi, na kwa miaka mitano linaweza kuzidi bei ya kifaa chenyewe. Yule anayekuuzia cha bei rahisi muulize: kwa mwezi ni kiasi gani, na nikisimamisha nalipa nini? Akijiuma midomo, ondoka.

Habari njema kuliko zote ni kwamba unaweza kupata PLB bila kutoa hata senti. Polisi wa New South Wales na NPWS wana mpango wa usalama unaowaazima watembeaji wa Blue Mountains PLB bure. Zinapatikana kituo cha polisi cha Katoomba, kituo cha polisi cha Springwood na ofisi ya NPWS iliyoko Blackheath. Unaacha maelezo ya safari yako, unapewa kifaa, unaelekezwa namna ya kukitumia, unakirudisha ukitoka. Najua kwa baadhi yetu, hasa tuliotoka mahali polisi hutembelewa kwa shida tu, kuingia kituoni kwa hiari kunasisimua mwili. Ingia. Utatoka na kifaa mkononi, na papo hapo polisi wameshajua unakwenda wapi.

Ukifikiria kukipeleka kifaa chako nyumbani, Rwenzori au Mlima Kenya, chagua chenye Iridium, kwani huko pia mbingu yake ni ileile. Ila uliza kwanza mamlaka ya mawasiliano, TCRA kwa Tanzania au CA kwa Kenya, na usipitie India nacho bila kibali, kwani wasafiri wamewahi kushikiliwa viwanja vya ndege kwa sababu hiyo.

Kanuni ya 6: Fanya mazoezi uani

Kifaa kisichowahi kuwashwa ni mzigo. Wiki moja kabla ya safari, toka nacho uani au kwenye bustani ya karibu, mtumie ujumbe yule mtu uliyemchagua, naye akujibu. Hakikisha anajua ujumbe unavyofika, maana unatoka kwenye namba ngeni na watu wengi huufuta wakidhani ni matapeli. PLB usiijaribu kwa kubonyeza kitufe cha dharura. Tumia kitufe cha kujipima kama kijitabu chake kinavyoelekeza. Ikiwaka kwa bahati mbaya, izime na uwapigie AMSA mara moja. Hawakuadhibu kwa bahati mbaya, lakini ukinyamaza watakuja kukutafuta. PLB iliyokwisha muda usiitupe kwenye pipa la takataka. Imewahi kutokea vifaa vya namna hiyo vikapiga kelele kutoka dampo, na waokoaji wakaenda kuchambua taka wakati wangeweza kuwa wanamwokoa mtu.

Andaa mapema ujumbe wako wa dharura kwa Kiingereza kifupi, uuandike kwenye karatasi ndani ya begi. Mtu aliyevunjika mguu hatungi sentensi nzuri. Uwe na mambo matano: mko wangapi, nani ameumia na ameumia nini, mko wapi kwa kutaja njia na alama ya karibu, mna maji na nguo za joto kiasi gani, na kama mtabaki hapohapo. Wenzako wote waonyeshe kifaa kiko mfuko gani na kinabonyezwaje, kwa sababu anayeanguka anaweza kuwa wewe. Na ukipata mtandao ukapiga 000 huku Kiingereza kimekukimbia, sema kwanza polisi au gari la wagonjwa, kisha taja lugha yako. Mkalimani wa Kiswahili anaweza kuunganishwa.

Kanuni ya 7: Bonyeza kabla aibu haijakuua

Tumelelewa kutosumbua watu. Mgeni akiumwa kwenye nyumba ya wenyewe hujikaza hadi asubuhi. Porini tabia hiyo ni hatari. Mficha maradhi kifo humuumbua, na waokoaji wenyewe wangependa kuitwa saa nane mchana kuliko saa nne usiku, kwa sababu helikopta huona vizuri mchana na wanadamu pia.

Bonyeza ikiwa maisha yako hatarini au mtu hawezi kutoka mwenyewe bila kuumia zaidi: mfupa uliovunjika, kifua kinachobana, mtu aliyechanganyikiwa kwa joto au anayetetemeka kwa baridi hadi maneno hayatoki, maji yaliyokwisha nanyi hamjui njia, mwenzenu aliyepotea. Nyoka amemng'ata mtu? Bonyeza papo hapo. Nyoka wa hapa, kama yule wa kahawia wa mashariki, sumu yake ni kali, na aliyeng'atwa hatakiwi kutembea hata kidogo, kwani kutembea kunaisambaza. Anafungwa bendeji kwa kubana kiungo chote, analazwa, anatulizwa, na msaada ndio unaomfuata. Hapo ndipo kifaa kinapolipa gharama yake yote kwa siku moja. Buibui wa Sydney aitwaye funnel-web naye hutibiwa hivyohivyo kwa huduma ya kwanza. Dawa yake ipo tangu 1981, mradi mgonjwa afike hospitali.

Usibonyeze kwa sababu miguu inauma, au mwenzako ameanza kununa, au mmegundua wali umesahaulika nyumbani. Kwa hayo tumia ujumbe wa kawaida kwa mtu wako.

Na pesa? Wengi wetu tunaogopa bili kuliko nyoka. AMSA haitozi mtu kwa kumtafuta na kumwokoa. Gari la wagonjwa New South Wales lina ada, ila bima ya afya ya wanafunzi wa kigeni hugharimia gari la wagonjwa la dharura. Soma bima yako kabla ya kusafiri, kisha uiondoe hofu hiyo moyoni.

Kanuni ya 8: Usiiachie setilaiti mzigo wa kichwa chako

Setilaiti haina maji ya kunywa. Haikupi koti, haichemshi chai, wala haikuambii kwamba wingu lile jeusi litajaza korongo. Beba maji kuliko unavyodhani yanatosha, ramani ya karatasi, taa ya kichwani, koti la mvua na bendeji. Katoomba iko mita elfu moja hivi juu ya bahari, na jioni yake haifanani na jioni ya Blacktown. Angalia hali ya hewa na hatari ya moto wa nyika siku hiyo. Ikiwa mbaya, ahirisha. Milima haihami.

Uamuzi wangu

Ukienda mara moja moja, kutwa au siku mbili, azima PLB ya bure na umwachie mtu wako maelezo kamili. Usinunue chochote. Ukienda kila mwezi, nunua PLB yenye GPS na uisajili siku hiyohiyo. Ukilala porini siku nyingi, ukitembea peke yako, au ukiongoza vijana wa kanisa, wa madrasa au wa jumuiya, beba kifaa cha ujumbe cha Iridium pamoja na PLB, kwa sababu umebeba watoto wa watu. Simu yenye setilaiti ihesabu kama nyongeza, kamwe usiihesabu kama tegemeo.

Lakini hayo yote ni hatua ya pili. Leo jioni, kabla hujafungua ukurasa wa duka lolote, mpigie mtu mmoja hapa New South Wales umuulize: "Nisiporudi, utapiga simu polisi saa niliyokuambia?" Akisita, tafuta mwingine. Akikubali, msafiri mwenzangu, nenda kachague kifaa.